Dawa Niliyomwambia Dada Aiache

Dada yangu mkubwa ndiye aliyenilea. Mama alipofariki nilikuwa sijaanza shule, na yeye alikuwa msichana wa kuposwa. Walikuja watu na mifugo yao, baba akakubali, lakini dada akasema haondoki nyumbani mpaka mimi nijue kusoma. Alisema hivyo akiwa amekaa chini anasuka, wala hakuinua macho. Baba, ambaye hakuwa mtu wa kubishiwa, akanyamaza, na wale watu wakarudi na ngamia wao.

Waliomfahamu mjini Lodwar wanamkumbuka kwa vikapu vyake. Alivisuka kwa majani ya mkoma, akiyabana kwa sindano mpaka ukitia unga wa mtama haupukutiki hata chembe. Vikapu hivyo ndivyo vilivyonipitisha shule ya msingi, sekondari na chuo cha ualimu, vikanifikisha Kakuma, ambako hadi leo nafundisha watoto wa wakimbizi na wa wenyeji katika darasa moja.

Utotoni aliwahi kuugua koo, kisha magoti na vifundo vya miguu vikavimba, na kiangazi kizima akawa habebi wala hatembei. Baadaye akapona na kila mtu akasahau. Hakuna aliyejua kwamba ugonjwa ule, kabla ya kuondoka, ulikuwa umepita moyoni.

Alianza kuchoka nikiwa tayari mwalimu. Nilikuja likizo nikaona anapumzika mara tatu kati ya bomba la maji na mlango wa nyumba, mkono kifuani. Nikamuuliza ana nini. Akacheka, akasema kuna mwanambuzi amefungiwa humo ndani anarusha mateke ovyo. Nikaweka kiganja changu pale alipokuwa ameweka chake. Mapigo mawili ya haraka, kimya, moja, kisha manne yakikanyagana. Niliondoa mkono upesi, kama mtu aliyegusa kitu kisichomhusu.

Kesho yake tulikwenda hospitali. Daktari, mama mmoja mpole aliyesema polepole, alimbandika nyaya kifuani na miguuni, mashine ikatoa ukanda wa karatasi wenye vilima vilivyosimama bila mpango. Alitueleza kwamba ule ugonjwa wa utotoni uliacha kovu kwenye mlango mmoja wa moyo. Mlango haufunguki vizuri, kwa hiyo chumba cha juu kimetanuka, na sasa badala ya kupiga kinatetemeka tu. Damu inayotuama humo huganda. Bonge likichomoka laweza kupanda hadi kwenye ubongo, na hicho ndicho kiharusi. Wengi hawajui wana ugonjwa huo mpaka siku wanapoanguka, na baadhi yao hawainuki tena.

Alimpa dawa ya kutuliza mwendo wa moyo na nyingine ya kuzuia damu isigande. Hii ya pili, alisema, inataka damu ipimwe mara kwa mara, kwa sababu ikiwa kidogo haifai kitu na ikizidi mtu anavuja damu. Kisha akanigeukia mimi niliyesoma.

"Asiiache hata siku moja bila kutuuliza. Akitokwa na damu popote, mlete siku hiyo hiyo."

Nilimtafsiria dada kwa Kiturkana. Nilitafsiri kila neno, na hilo pia.

Alikunywa dawa zile zaidi ya mwaka mmoja bila kukosa. Alizisukia kikapu kidogo chenye kifuniko, akakitundika juu ya kitanda. Siku za kupimwa damu alijifunga shuka safi na kwenda mwenyewe kwa bodaboda, na akirudi alinipigia simu kuniambia walivyomchoma sindano na nani alikuwa mbele yake kwenye foleni. Mwendo ulimrudia. Alianza hata kuwafundisha wasichana wawili wa jirani kusuka, akiwafumulia kazi nzima wakikosea mstari mmoja.

Kisha ikaja simu ile ya mchana. Ilikuwa wiki ya mitihani, nami nilikuwa katika chumba cha walimu, karatasi zimekandamizwa kwa mawe ili upepo usizichukue. Dada alisema pua imekuwa ikitoka damu tangu jana, inaacha na kurudi, na akipiga mswaki kijiti chote kinakuwa chekundu. Alisema jirani yake, yule mama aliyezoea kusuka naye, amemwonya kwamba dawa ile ya damu inageuza damu kuwa maji. Yeye mwenyewe hajui aamini lipi.

"Wewe ndiye umesoma," akaniambia. "Niiache au nisiiache?"

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa kwamba apande bodaboda saa ile ile aende hospitali. Lakini kwake hospitali bila mimi, siku isiyo ya kupimwa, ilikuwa jambo zito. Angetaka niwe kwenye simu nimtafsirie, au niende. Na mimi nilikuwa na karatasi za hesabu za darasa zima na mwalimu mkuu alizitaka kesho yake. Kalamu ilikuwa mkononi. Sikuiweka chini.

"Iache kwanza," nikasema. "Nitakuja Ijumaa twende pamoja."

Akaitika, "Haya, mwalimu." Aliniita mwalimu pale tu aliporidhika nami.

Ijumaa kukawa na mkutano. Ijumaa iliyofuata alama zilitakiwa ofisini. Katikati nilimpigia mara moja. Akasema damu imekoma, na nikafurahi, tukaongea habari za mvua iliyonyesha Lokichar. Sikumuuliza kuhusu dawa. Naye hakuigusa, kwa sababu nilikuwa nimemwambia anisubiri, na kwa dada neno langu lilikuwa limeshakuwa kama la kitabu.

Wiki ya tatu, Jumanne asubuhi, simu yake ilinipigia lakini sauti haikuwa yake. Alikuwa yule jirani. Aliniambia walikuwa wamekaa wakisuka, sindano ikamdondoka dada kutoka mkono wa kulia. Akainama kuiokota, mkono ukakataa. Alijaribu kusema jambo, mdomo ukaenda upande, kisha akalala ubavu taratibu kama mtu aliyeamua kupumzika. Jirani yule hakungoja mtu. Alisimamisha bodaboda barabarani, akampandisha dada, akakaa nyuma yake akimkumbatia kwa kitenge mpaka hospitali. Naye kwa umri alikuwa mkubwa kuliko sisi sote wawili.

Nilipofika, dada alikuwa kitandani, jicho moja likinifuata. Daktari alikuwa yule yule. Alinivuta kando akaniuliza aliacha dawa ya damu lini.

Nikasema sijui. Kisha nikaongeza kwamba kuna jirani alimwambia inageuza damu kuwa maji.

Kila neno la sentensi hiyo ya pili lilikuwa kweli. Kaka yetu, anayechunga mbuzi upande wa Lokitaung, alipofika siku mbili baadaye na kuuliza ilikuwaje, nilimpa sentensi hiyo hiyo. Alizungusha fimbo yake mchangani, nami nikaona imeingia.

Dada alipotolewa hospitali nilimchukua Kakuma, akae nami. Upande wa kulia ulikuwa umekufa, na maneno yalikuwa yamekwenda. Lilibaki moja tu, ejok, neno letu la salamu, yaani njema, vyema. Alilitumia kwa kila kitu. Akiwa na kiu, ejok. Akiumwa mgongo, ejok, huku machozi yakimtoka. Nikimvisha vibaya alilisema kwa hasira, akinisukuma kwa mkono wa kushoto, halafu yeye mwenyewe akashtuka kusikia kilichotoka mdomoni, akafumba macho. Mtu aliyezoea kufumua kazi ya wasichana kwa mstari mmoja uliokosewa sasa hakuweza kujirekebishia neno.

Nilipokuwa shuleni alikaa naye mama mmoja Mkongomani ambaye mtoto wake nilimfundisha. Hakuna aliyemwomba. Alisikia, akaja na mafuta ya mawese kwenye chupa, akaanza kumkanda ule mkono kila asubuhi, akimwimbia nyimbo za kanisani. Mume wake, alinieleza, alianguka vivyo hivyo walipokuwa wangali njiani, na hakukuwa na hospitali wala kivuli. Siku moja alinikuta nikilia mlangoni, akanishika bega akanirudisha nje.

"Usililie pale karibu yake," akasema. "Iko anasikia yote."

Basi kama anasikia, nikawaza, nina jambo la kumwambia. Nililibeba siku nyingi. Jumapili moja baada ya ibada nilimwosha, nikampaka mafuta, nikamkalisha mahali penye upepo. Nikapiga magoti mbele yake ili anione kwa lile jicho zuri. Nikamwambia kwamba daktari alinionya na mimi nikasahau kwa makusudi. Kwamba siku ile ya simu nilijua la kusema nikasema lingine, kwa sababu ya karatasi. Kwamba si jirani aliyemwachisha dawa, ni mimi, na kwamba hospitalini niliulizwa nikajificha nyuma ya mama wa watu.

Mkono wake wa kushoto ulipanda polepole ukanishika sikio, vile alivyonishika nikiwa mdogo nikikosea kusoma, si kwa kuumiza.

"Ejok," akasema.

Sijui alisema nini. Nimejiuliza mara nyingi kuliko ninavyoweza kueleza. Huenda alinisamehe. Huenda alinitukana, na neno la kutukania lilikuwa hilo hilo moja. Huenda alikuwa na kiu. Nilimletea maji, akanywa kidogo, akageuza uso akatazama kuku wa jirani.

Alifariki kabla mvua hazijaanza. Nilikuwa darasani. Yule mama Mkongomani alikuja hadi dirishani, hakuita, alisimama tu mpaka nikamwona. Hospitali walisema ni kiharusi kingine, kikubwa, na kwamba ingawa dawa alikuwa amerudishiwa na alikuwa akizinywa, moyo wake ulikuwa umechoka. Daktari wa Lodwar, nilipompelekea habari, aliniambia kwamba hata wanaokunywa dawa vizuri wakati mwingine huanguka, kwamba hakuna ajuaye ingekuwaje. Nilimshukuru. Najua alitaka kunisaidia. Lakini nilikuwa nimemdanganya, na faraja anayopewa mtu aliyedanganya haishuki kooni.

Tulimzika Lodwar. Wanawake wa kusuka walikuja wote, wamenyoa nywele kwa msiba, na yule jirani alikuwa miongoni mwao ameshika kikapu ambacho dada hakukimaliza siku ile ya Jumanne. Alitaka kukiweka kaburini. Kaka alimwona akikaribia, akasimama mbele yake. Hakupaza sauti. Alimwambia arudi kwake, kwamba amefanya ya kutosha, na hatutaki kumwona tena katika nyumba yetu. Mama yule alitazama huku na huku kama anayetafuta mtu wa kumweleza kosa lake. Macho yake yalinipitia. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tano tu kutoka hapo, mchanga mkononi, na sikufungua mdomo. Aligeuka akaenda na kikapu chake, na wanawake wengine, mmoja baada ya mwingine, wakamwachia njia pana kuliko alivyohitaji.

Habari kama hizo hazibaki makaburini. Likizo iliyofuata nilisikia kwamba hasuki tena na wenzake. Wanasema ulimi wake una kitu kinachodhuru watu. Anakaa peke yake upande wa pili wa barabara.

Ndipo nilipopanda gari hadi Lokitaung. Nilimkuta kaka kwenye kisima cha mchangani akinywesha mbuzi, nikamwambia yote nikiwa nimesimama, simu na karatasi na Ijumaa mbili. Hakunikatiza. Alipomaliza kunywesha alikaa kwenye kigoda chake, akaniacha mimi wima juani.

"Nilimfukuza mama wa watu mbele ya kaburi," akasema mwishowe. "Na wewe ulikuwa unaniangalia."

Nikasema ndiyo.

Asubuhi yake alitokea na beberu mmoja mzuri, mweupe, amefungwa kamba, tukarudi Lodwar pamoja. Beberu huyo alimpelekea mama yule, akaomba radhi kama desturi inavyotaka, mbele ya wanawake wote aliowaita yeye mwenyewe. Kisha akanionyesha kwa fimbo nami nikasema sehemu yangu. Sauti yangu ilikuwa ndogo, wakanitaka nirudie. Nikarudia. Mmoja wao alitema mate pembeni. Mama yule hakunitazama. Alimuuliza kaka safari ilikuwaje, na kama malisho yapo.

Yapata mwaka na nusu sasa. Wamerudi kusuka pamoja. Kaka hunijibu nikimsalimu, basi. Nikija Lodwar hupita kwa mama yule, nikampelekea sukari na majani ya chai, naye hupokea kwa mikono miwili. Mara ya mwisho aliniambia kwamba siku hizi akipanda ngazi za kanisa moyo unamwenda mbio. Sikumwambia angoje. Tuliondoka saa ile ile kwenda kupimwa, na njiani nilitaka kumshika kifundo cha mkono nisikilize mapigo yake, lakini alikuwa ameificha mikono yote miwili ndani ya shuka, akitazama mbele.