Bega Langu na Mikono ya Watu

Nyumbani kwetu Mtoni, Temeke, kuguswa kulikuwa na majina mengi. Aliyeteguka kifundo alichuliwa kwa mafuta ya nazi na chumvi. Bibi harusi alisingwa kwa liwa mpaka ngozi ikang'aa. Mwenye kichwa kisichopona aliumikwa: walimchanja, wakabandika pembe juu ya chale, pembe ikanyonya damu. Na mwanamke aliyejifungua alikandwa kwa maji ya moto. Mkandaji wa mtaa alikuwa bibi yangu, mama yake mama. Nimekua nikisikia wanawake wakipiga mayowe chumbani kwake asubuhi, kisha wakitoka na khanga zao wanacheka. Mimi ni mtu wa kujiuliza kila kitu, lakini hicho kicheko sikuwahi kujiuliza.

Nilikuwa nimemaliza chuo, natoka kwenye usaili, kijana mmoja aliponipokonya simu karibu na soko la Tandika. Nikamfukuza. Nilikimbia kimya, kwa sababu nilikuwa nawaza kwamba nikipiga kelele za mwizi watamuua, na simu si roho ya mtu. Yeye hakuwaza. Aligeuka, akaninyooshea kidole, akapiga kelele yeye.

Teke la kwanza lilinipata kiunoni. Nilipoanguka, watu wawili waliuvuta mkono wangu wa kulia nyuma, wakausokota kama wanaokamua shuka, na nikasikia bega likitoka mahali pake kabla sijasikia maumivu. Ubao ukatua mgongoni, ukainuliwa, ukatua tena. "Naombeni mnisikilize," nilikuwa nasema, kwa Kiswahili kilekile cha usaili. Mtu mmoja akauliza tairi liko wapi, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeomba chumvi mezani.

Aliyeniokoa ni muuza mihogo. Aliwasukuma kwa beseni lake. "Nyie, huyu mjukuu wa mkandaji. Bibi yake kanikanda mie uzazi wote. Bibi huyo akifa kwa uchungu nani atawakandia wake zenu?"

Hospitali walilirudisha bega. Walipoondoa kitambaa kilichofunga mkono, daktari aliniambia kwamba mkono usipoanza kunyanyuliwa, tena na mtu mwingine, bega litakauka na mkono hautapanda tena kupita kifua. Kwa hiyo nilihitaji mikono ya watu, na mikono ya watu ndiyo iliyonivunja.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa dada mpole. Alipopita nyuma yangu na kunishika kiwiko, nilimchapa kofi kwa mkono wa kushoto, miwani yake ikaruka. Akaiokota.

"Kaka, mie sikupigi. Nakunyoosha."

Nilijua. Nilikuwa nimesoma kila nilichopata kuhusu misuli inavyojikaza kwa hofu. Kujua hakukunisaidia kitu.

Mjomba akanipeleka Mbagala kuumikwa. Siku hizi pembe hakuna, ni vikombe vya plastiki na wembe mpya. Wembe niliuvumilia, maana hauna vidole. Damu ikajaa kwenye vikombe, nzito kama maini. Mgongo ukawa mwepesi, mkono ukabaki palepale. Rafiki yangu wa chuo akanipeleka kwenye masaji ya Kithai, Kinondoni, ambako dada mwembamba humpanda mtu mgongoni na kumkunja kama mkeka. Rafiki alitangulia kulala. Nilimtazama anavyokunjwa, nikavaa viatu nikaondoka.

Bibi hakuniuliza. Asubuhi moja alichemsha maji na majani ya mwarobaini, akamwita mama na mama mdogo. Walinikalisha chini, mmoja akanikalia miguu, mwingine akanikumbatia kifua. Bibi akachovya kitambaa, akakikamua, akanibamiza nacho begani.

Nilipiga yowe. Nikamng'ata mama mdogo mkononi.

"Mume wangu," bibi akasema, maana kwetu bibi na mjukuu ni watani, "ndo mahaba gani haya? Tukana basi. Wazazi wote ninaowakanda humu ndani hunitukana."

"Siwezi kukutukana, bibi."

"Chuo kizima hawakukufundisha tusi?"

Akabamiza tena, akauvuta mkono. Kitu kikakatika ndani kama uzi.

"Mchawi wewe."

"Hilo la darasa la pili."

"Kikongwe usiye na jino. Hata Izraili kakukataa."

Mama mdogo akacheka mpaka mikono ikamlegea. Nikaelewa wale wanawake walikuwa wanacheka nini. Kila bibi alipobamiza nilimjibu, na yeye alisubiri nijibu. Tandika hakuna aliyesubiri. Lakini kitambaa kilipofika pale ubao ulipotua, maneno yaliniisha. Nilimsukuma mama, nikainuka, nikamwinulia bibi ngumi.

Ngumi ya kulia.

Mama akaziba mdomo. Bibi hakurudi nyuma. Alikuwa ananitazama kwapani.

"Nendeni kwa mjumbe wa mtaa," akasema. "Mwambieni mume wangu ananipiga."

Mkono ulikuwa juu ya kichwa changu. Nikawaza kwamba kazi yake ya kwanza tangu upone ni kutaka kumpiga kikongwe. Nikawaza kwamba hata wale wa Tandika, walipoinua ubao, pengine walijisikia wepesi kama huu. Nilibaki hivyo, sijui niufanye nini.

"Ushushe," bibi akasema, akichovya kitambaa. "Taratibu. Halafu upandishe tena, ila ufumbue vidole."