Dirisha la Upande wa Mabatini

Gesti niliichagua mimi, na katika hilo sina wa kumsingizia. Baba alikuwa amepewa rufaa ya kwenda Mwanza, wiki mbili za matibabu ya kwenda na kurudi bila kulazwa, kwa hiyo tulihitaji pa kulala. Mwanza nilikuwa sijawahi kufika. Nilikaa nyumbani kwetu Muleba na simu mkononi, nikipitia picha za vyumba kama mtu anayechagua kitenge, na nilichokitafuta zaidi ni dirisha linalotazama ziwa. Nimezaliwa kando ya ziwa hilohilo, nimeoga na kufua humo, na bado nilitaka kulipia kulitazama. Ndivyo nilivyo.

Kwa desturi yetu, habari ya gesti isingekuwepo. Shangazi yangu, dada pekee wa baba, anaishi Mabatini, hukohuko Mwanza, miaka mingi, na mtu mwenye ndugu mjini hafikii gesti. Akifikia gesti amewatangazia watu kwamba ndugu huyo amekufa au hafai. Lakini baba na shangazi walikuwa hawasemezani tangu bibi alipofariki. Siku ya maziko meli haikutoka, shangazi akatuma ujumbe asubiriwe, na baba akaamua kwamba mvua inakuja na kaburi liko wazi. Shangazi alifika kesho yake akakuta udongo. Hakulia wala hakufoka. Aliweka mfuko wake chini, akakaa kidogo kando ya kaburi, kisha akaondoka bila kuingia ndani.

Sasa daktari alikuwa ameniita pembeni akaniambia kwamba matibabu yatampa baba miezi, si miaka. Kama angeonana na dada yake, ilikuwa ni safari hii. Nilimuuliza mara moja tu kama nimpigie shangazi simu.

"Mtu uliyemnyima kumzika mama yake," baba akasema, "humwombi kitanda."

Sikuuliza tena. Kuna msemo unaotufaa sana sisi wavivu: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Nikaendelea na picha zangu za vyumba.

Tuliteremka bandarini asubuhi, bajaji ikatupandisha kilimani mpaka kwenye gesti yenyewe, nyumba ya ghorofa mbili iliyojengwa juu ya mawe. Nilikuwa nimeagiza vyumba viwili, cha mbele chenye ziwa kiwe cha baba. Mhudumu alimwamkia shikamoo, akamfungulia pazia kwa fahari, kana kwamba ziwa amelichimba yeye. Baba alitazama kidogo, akasema maji hayo anayajua, akaomba chumba cha nyuma. Chumba cha nyuma kilikuwa kidogo na chenye joto, na dirishani huoni ila mabati, matangi ya maji na mawe makubwa yaliyokaa katikati ya nyumba za watu. Nilikasirika. Nilidhani ni ule ukaidi wake wa kukataa kizuri ili asionekane amekipenda. Ziwa nikalichukua mimi.

Siku zikaenda. Asubuhi tulikwenda hospitali, adhuhuri tukarudi, na kila tukirudi baba alifua shati lake jeupe kwa mkono wake mwenyewe. Mhudumu aliomba amsaidie, akakataa. Alilianika kwenye nondo za dirisha, limegeuzwa ndani nje, mikono imefungwa fundo. Bibi ndiye aliyewafundisha hivyo watoto wake: jua lipaushe upande usioonekana, na upepo usiondoke na shati. Kisha alivuta kiti, akakaa hapo mpaka likauke. Nilimpelekea uji, nikachukua kikombe, nikarudi kwenye ziwa langu.

Watu huniuliza nilijisikiaje siku zile, nao hutegemea machozi. Sikujisikia kitu. Nilikuwa kama mguu uliokufa ganzi, unauona uko pale, unaukanyagia, lakini si wako. Nilikumbuka saa za dawa, nilijua mlango wa kila idara, nilikula nikashiba. Ziwa lile nililolipigania lilikuwa maji tu.

Siku ya mwisho niliingia kuchukua begi lake nikamkuta amesimama dirishani.

"Kwa shangazi yako ni pale," alisema. "Penye mgomba."

Nilitazama. Chini yetu, karibu kiasi kwamba mtu mwenye pumzi angeita akasikika, palikuwa na uwanja mdogo na mgomba mmoja uliobanwa kati ya mawe mawili. Nani mwingine angepanda mgomba mahali kama pale kama si Mhaya mwenzetu? Mwanamke mnene alikuwa akianua nguo kwenye kamba, ametupa mgongo.

"Twende, baba?"

"Meli," akasema.

Ilikuwa saa nane mchana na meli ilikuwa ya jioni. Nilijua hilo, naye alijua kwamba ninajua. Nikabeba begi.

Baba alifariki kabla kahawa haijaiva. Safari hii tulisubiri. Wazee walinung'unika kwamba maiti haicheleweshwi, nikawaambia kaburi halifukiwi mpaka shangazi afike, na sikuwaomba radhi. Alifika siku ya pili, akatupa udongo wake wa kwanza kama inavyompasa dada, akaingia jikoni akadai kisu amenye ndizi.

Tulikuwa wawili tu aliponiuliza, bila kunitazama, kwamba tulipokuja Mwanza tulifikia wapi. Ningeweza kudanganya. Nikamwambia: ile gesti juu ya mawe, baba alilala chumba cha nyuma. Kisu kikasimama.

"Lile dirisha lenye shati jeupe?"

Nikaitikia.

"Nililiona kila mchana," alisema. "Limegeuzwa, mikono ina fundo. Nikasema moyoni, huyo amelelewa na mama kama wangu. Siku lilipokosekana nililitafuta, mwanangu."

Akaendelea kumenya. Baadaye aliniuliza kama ndizi zinatosha, nami nikamsogezea nyingine.