Macho Chini ya Satini

Kazi yangu ni kuvalisha majeneza. Ndivyo tunavyosema pale karakanani Mobeni, hapa Durban: mafundi wa mbao wakimaliza sanduku, mimi nalitia sponji, kitambaa cha satini na kamto ka kichwa. Sikuisomea kazi hii. Niliangalia mikono ya mama mmoja wa Kizulu aliyekuwa karibu kustaafu, nikaiga, nikakosea, nikafumua. Nafumua sana. Mkunjo mmoja ukizidi mwenzake kwa unene wa kucha, nang'oa upande wote na kuanza upya, na wenzangu wanajua wasinisemeshe mpaka nimalize.

Misri nayo sikuisomea. Tanti, dada mkubwa wa marehemu baba, alinilea tangu tulipotoka Bujumbura nikiwa na miaka sita. Alikuwa akifanya usafi kwenye nyumba za watu huko juu Berea. Siku moja familia moja ilihama ikaacha maboksi ya vitu vya kutupa, naye akachagua kitabu cha picha, kizito kama tofali, akakibeba akitembea kwa miguu hadi chumba chetu Overport. Kiingereza hakukisoma. Aliniambia alikipima mkononi akaona kina elimu nyingi. Ilipita wiki nzima kabla hajaangalia alichoniletea. Jioni moja akainama juu ya bega langu, akamwona mtu mwenye kichwa cha mbweha ameisimamia maiti.

“Huyu ni nani?”

“Mungu wao wa wafu, Tanti. Ndiye anayewatengeneza wasioze.”

“Mungu iko na masikio ya mbwa.” Akafunua ukurasa. “Na huyu?”

“Farao.”

“Farao alizama Bahari ya Shamu na magari yake yote. Na mimi nimembeba kichwani kutoka Berea.”

Hakukitupa, hata hivyo. Alikiwekea mfuko wa plastiki kisilowe na mvua iliyokuwa ikipenya kwenye dari.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na tayari nilikuwa mtoto wa hofu. Nilioga nikarudi kuoga tena. Niliandika jina langu kwenye daftari mara tano ili lipatikane moja zuri. Kwa hiyo kitabu kile kilinikamata pale pale panaponiuma. Kilieleza ukumbi ambamo moyo wa marehemu unapimwa kwenye mizani, upande wa pili unyoya wa ukweli. Kabla ya mizani, marehemu anasimama mbele ya mahakimu arobaini na wawili akikana makosa arobaini na mawili, moja baada ya jingine: sikuua, sikumliza mtu, sikusikiliza mambo ya watu kwa siri. Moyo ukiwa mzito, mnyama mwenye kinywa cha mamba anaula, na mtu anakwisha kabisa.

Niliyanakili yote kwa msaada wa kamusi. Kila jioni kabla ya kula nilipitia orodha nikiweka alama. Nilikuwa nakwama palepale, kwenye kusikiliza kwa siri, kwa sababu nilizoea kusimama nyuma ya mlango Tanti akiongea na watu wa kwetu kwa simu. Nilitaka kujua kama tutarudi. Alama ile haikuwahi kuwa safi, na kuna jioni nilishindwa kula.

Tanti aliiona karatasi chini ya sahani yangu.

“Arobaini na mbili? Musa zilimtosha kumi.”

“Ni za kule Misri, Tanti.”

“Hizo kumi zenyewe zinakushinda, we mtoto, na bado unaenda kuazima za jirani. Kula.”

Nikamweleza, nikiwa karibu kulia, kwamba hata Wamisri wenyewe waliogopa. Walimwekea marehemu kifuani mdudu wa jiwe, mende fulani, aliyechorwa maneno ya kuusihi moyo usimshtaki mwenyewe mbele ya mizani. Tanti aliweka kijiko chini. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

“Sasa hao ni watu,” alisema. “Hao nimewaelewa.”

Tangu hapo akawa ananiuliza maswali, kwa dhihaka lakini ananiuliza. Jumapili moja baada ya ibada alikuwa anamenya ndizi nami nikamsimulia wafalme wa kwanza kabisa, wale wa kabla ya piramidi, waliounganisha nchi ya juu na ya chini. Walizikwa jangwani, na kuzunguka kaburi la mfalme yalipangwa makaburi madogo madogo ya watumishi wake, mafundi, wanawake wa nyumbani kwake, hata mbwa. Wasomi wengi wanaamini watu wale waliuawa ili wamfuate. Nilisimulia kwa furaha, nakiri. Nilikuwa nimechora ramani ya makaburi yale kwa rula.

“Wangapi?” Tanti aliuliza.

“Kwa mfalme mmoja, mamia.”

“Na mwenye kumfagilia?”

“Labda naye yumo.”

“Basi mimi niko hapo.” Alielekeza kisu kwenye kisanduku kimoja cha pembeni kabisa mwa ramani yangu. “Mimi na fagio yangu. Wewe ukisoma unakaa na mfalme, mwanangu. Mimi natafuta mtu wa usafi.”

Nilikimbilia kumwambia kwamba waliacha. Baadaye waliweka sanamu ndogo badala ya watu, sanamu za kuitika kazini kule ng'ambo.

“Nani aliwaambia waache?”

Nimetafuta tangu siku hiyo na bado sijui. Ila sikuwahi tena kuitazama ramani ile bila kuhesabu kuanzia pembeni.

Nilipoanza kupata mshahara nilimpeleka mjini, kwenye jumba la makumbusho ambamo pana maiti ya Mmisri wa kale ndani ya kioo. Nilikuwa nimejiandaa kama mwalimu, na karatasi mfukoni. Tanti hakunisikiliza. Alisimama mbele ya kile kioo, mkoba ameukumbatia, akamwangalia yule mtu mweusi mkavu muda mrefu.

“Pole, Baba,” alimwambia kwa Kiswahili. “Na wewe umefika Durban.” Kisha akaniuliza chini chini, “Huyu alipata karatasi za kukaa?”

Nilicheka. Yeye hakucheka. Watoto wa shule walikuwa wamefika, wanasukumana, wanapiga picha.

“Amelala zamani zote hizi, na watu wanamwangalia tu,” alisema. “Iko vibaya. Mtu akilala anafunikwa.” Akanishika kiwiko. “Wewe unavalisha masanduku. Mimi mkinilaza, nifunike vizuri, basi. Usinitilie humo ndani kitu cha hawa. Mungu wangu ananijua.”

“Sawa, Tanti.”

Alinikumbusha tena mwaka huu, hospitalini, figo zilipokwisha kumchosha. Aliniuliza tu, “Unakumbuka kile nilikuambia kwa yule mzee wa kioo?” Nikajibu tena, sawa, Tanti. Alifariki Jumanne asubuhi nikiwa kazini.

Karakanani kwetu kuna desturi: mtu havalishi jeneza la mtu wake. Mikono inatetemeka, na machozi yanaacha doa kwenye satini, nalo doa la chumvi halitoki. Msimamizi wetu, Mzulu mtu mzima asiyepandisha sauti, aliniambia niende nyumbani. Nilimwomba. Nilimwambia hakuna mwingine atakayelinganisha mikunjo jinsi ninavyotaka, na hilo lilikuwa kweli. Sababu nyingine sikumwambia.

Katika kitabu kile kulikuwa na picha moja niliyoipenda kuliko zote: jeneza la mbao lililochorwa macho mawili ubavuni, upande wa kushoto, karibu na kichwa. Marehemu alilazwa kwa ubavu, uso ukiyaelekea macho yale, kichwa kaskazini, ili kila asubuhi alione jua likichomoza. Tanti alilala pazia wazi miaka yote. Alisema giza linamkaba. Na mimi, ninayewafunika watu kila siku bila kuwaza, nilishindwa kuwaza kifuniko kinashuka juu yake.

Kwa hiyo Alhamisi, wenzangu walipokwenda kula, niliyachora. Kwa penseli kwanza, halafu kwa rangi nyeusi, kwenye mbao za ndani, upande wa kushoto. Nyusi, jicho, ule mstari unaopinda chini yake. Nilifuta mara nne kabla ya kuridhika. Kisha nikaweka sponji juu yake, nikaweka satini, na nikakunja mikunjo mizuri kuliko yote niliyowahi kukunja. Msimamizi alikuja akaitazama, akasema “sharp”, yaani safi, na kuondoka. Nilijiambia: hatajua mtu. Tanti mwenyewe hatajua. Nilijiambia hivyo njia nzima hadi Overport, nikafika nyumbani nikawakuta akina mama wa kanisa wanaimba, nikajifungia bafuni.

Ijumaa saa moja asubuhi simu iliita. Alikuwa shemasi wa kanisa letu, Mrundi mwenzetu, aliyekwenda makaburini kuona kama shimo liko tayari.

“Iko tayari, kijana. Nzuri, wamechimba sawa.”

“Mzee, kichwa chake kitakuwa upande gani?”

“Upande wa barabara.”

“Namaanisha jua, Mzee. Jua linatokea wapi ukisimama hapo?”

“Iko mawingu, mwanangu.”

“Bahari, basi. Simama penye kichwa, angalia miguuni. Bahari iko mkono gani?”

Nilisikia viatu vyake kwenye changarawe. “Bahari iko mkono wa kuume. Kuna nini? Unataka tuligeuze?”

Nilimwambia hapana, nikamshukuru. Nilikuwa nimekosea. Bahari kwetu iko mashariki. Kwa hiyo mstari ule wa makaburi unalaza watu vichwa kusini, si kaskazini kama kwenye kitabu. Macho yangu ya upande wa kushoto yangeitazama magharibi, kule jua linakofia. Nilikuwa nimefuata kitabu neno kwa neno, ila kitabu hakikuandikiwa mteremko ule wa Durban.

Gari la kuchukua jeneza lilikuwa linakuja saa nne. Nilikwenda mbio Mobeni, nikachukua koleo, nikang'oa satini yote, pini moja moja, ili nichore upya upande wa kulia. Sikuwa na wazo jingine kichwani. Nakiri hilo: nilifungua kwa sababu nilikosea, wala si kwa sababu nilijuta.

Sponji ilipotoka, yale macho yakanitazama. Mazuri, yamelingana. Penseli ilikuwa mkononi. Nikajaribu kumwona Tanti nyuma ya macho yale akichungulia nje, sikumwona. Niliona mtoto aliyesimama nyuma ya mlango. Ni mimi niliyekuwa nikiogopa giza lile. Yeye alikuwa ameniomba kitu kimoja, mara mbili, nami nilimjibu sawa mara mbili, na ndani ya nafsi yangu nilikuwa nimempangia safari yake kama wale wafalme walivyowapangia watu wao, bila kuwauliza.

Niliweka penseli chini nikachukua msasa.

Rangi ilikuwa imeingia ndani ya ubao. Nilisugua mpaka vidole vikachubuka. Msimamizi alinikuta pale, satini imelala sakafuni, imetoboka toboka, saa tatu na dakika. Aliuona ubao, akauona mkono wangu, akaenda kuleta msasa mwingine mgumu zaidi. Tulipomaliza palibaki kivuli cha kijivu tu, na ubao ukiwa mweupe pande zote.

“Gari inakuja,” alisema kwa Kizulu chake cha polepole, akiniita ndugu yake. “Shika hapo, mfowethu. Mimi nashika hapa.”

“Hatutawahi kukunja vizuri.”

“Hatutakunja vizuri. Tutafunika.”

Tulifunika. Satini ilikuwa ileile, kwa kuwa kitambaa cha rangi hiyo kilikuwa kimekwisha, na matundu ya pini za jana yalionekana. Upande wake ulinyooka kiasi. Wangu ulikwenda kama barabara ya kijijini: mkunjo mpana, mwembamba, mwembamba, mpana. Machozi yalidondoka mawili nikayaona yakienea. Saa nne gari lilipiga honi nami nilikuwa bado nimeshika mashine ya pini. Msimamizi aliitoa mkononi mwangu taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto mkasi.

Jumamosi kanisani kifuniko kilifunguliwa ili watu wamuage. Nilisimama kwenye mstari. Nilipomfikia, nilichoona kwanza kilikuwa mikunjo yangu, aibu yote ile, pale kando ya bega lake, mbele ya watu. Mkono ukaenda wenyewe kuinyoosha. Haikunyooka. Nikaiacha satini nikashika bega lake.

“Niliyachora, Tanti,” nilimwambia. “Nimeyafuta. Hakuna kitu humo.”

Nilibaki pale. Nilikuwa nataka kusema tena kwa maneno mazuri zaidi, kwa Kirundi, nikawa natafuta pa kuanzia. Mama mmoja wa kwaya nyuma yangu akanigusa mgongoni.

“Songa kidogo, mwanangu. Na sisi tumuage, afunikwe.”

Nikasogea.