Bodi ya Prisca Ilivyomtaja Mzee Efraimu Mwizi wa Maji

Saa tatu asubuhi, Prisca Sumari amepiga magoti kwenye tope kando ya mfereji, bisibisi mdomoni, na nyuma yake watu sita wamesimama wanamlinda. Siyo asidhurike. Wanamlinda asichakachue kitu.

"Weka mikono tuione," anasema Mama Aikaeli, mwenyekiti wa kamati ya maji.

"Mama, sasa nitafungua sanduku kwa miguu?"

Mmoja anacheka, halafu anakumbuka kwamba leo hawacheki na Prisca.

Hapa ni kwenye miteremko ya Mlima Meru, na mashamba yote haya ya migomba na kahawa yanategemea mfereji mmoja, kwa zamu. Ukifungua lango lako kwenye zamu ya mwenzako, wewe ni mwizi, na jina hilo halitoki. Safari hii limemwangukia mzee Efraimu, mzee wa kanisa. Na aliyemtaja si mtu, ni sanduku la Prisca.

Prisca ana miaka 27, diploma ya elektroniki, na kibanda cha kutengeneza redio na runinga mtaa wa Kimandolu. Mchana anafufua redio za watu. Jioni anachora bodi yake mwenyewe ya elektroniki, na amefika mbali kweli.

Bodi yenyewe, ndiyo iliyo ndani ya sanduku, ni ndogo kama simu. Katikati kuna chip inayofikiri, pembeni soketi nne. Unachomeka kibao cha kazi unayotaka: cha kupima unyevu wa udongo, cha kuhisi lango likifunguka, cha kutuma ujumbe kwa simu. Ukibadili mawazo unachomoa, unachomeka kingine.

"Ni kama mafiga," anasema. "Mafiga yanabaki yale yale, sufuria unabadilisha wewe. Bodi nyingi ukitaka kazi mpya ununue nyingine nzima. Mimi nilikataa."

Kamati ilimpa malango mawili ya kujaribia, la mzee Efraimu na la jirani yake Joel. Kila lango lina kibao chake kilichounganishwa na bodi; likifunguka, ujumbe unaingia kwenye simu ya Mama Aikaeli. Basi, ikafika zamu ya Joel, ujumbe ukaingia: *Lango la Efraimu limefunguliwa.* Zamu yake iliyofuata, tena.

Joel akaacha kumsalimia mzee. Akaanza hata kuona maji yake yamepungua. Jumapili mzee Efraimu alipopitisha kikapu cha sadaka, watu waliangalia mikono yake.

"Nimeshika kikapu kile tangu Joel hajazaliwa," anasema mzee. "Leo wananihesabu vidole."

Prisca naye alimshuku mzee kama wengine. Halafu akakaa na jumbe zote, akaona kitu cha ajabu: hakuna ujumbe hata mmoja unaomtaja Joel.

"Joel anamwagilia kabichi zake kila zamu," anasema. "Sasa lango lake linafunguka lini? Hapo nikaacha kumshuku mzee, nikaanza kujishuku mimi."

Ndiyo maana leo watu wamekusanyika mferejini. Prisca anafunga sanduku bila kugusa chochote ndani, anaomba lango la mzee lifungwe kwa kufuli, na ufunguo anampa Mama Aikaeli. Mzee Efraimu anasimama katikati ya watu.

"Joel, kaka, fungua la kwako," anasema Prisca.

Joel anafungua. Simu ya Mama Aikaeli inalia. Anasoma kimoyomoyo, anarudia, kisha anasoma kwa sauti: "Lango la Efraimu limefunguliwa."

Mzee ananyoosha mikono yote miwili mbele.

"Mnaiona?"

Macho yote yanahamia kwa Joel.

"Mnaniangalia nini?" anasema Joel. "Si mmeniambia nifungue?"

Prisca anaeleza. Kila kibao kina namba yake, na chip ikiita namba, mwenyewe anaitika. Yeye alitengeneza vibao viwili kwa pamoja, akasahau kubadili namba, na vyote vikabaki na namba ya lango la mzee. "Ukiita 'binti' kwenye harusi, watageuka wote," anasema. Kumbe hakuna aliyeiba. Joel alikuwa anafungua lango lake, kwenye zamu yake, na kumlaumu jirani.

"Shikamoo babu. Nimekukosea sana," anasema Prisca.

"Marahaba. Umenitaja kwa simu, nisafishe kwa simu hiyo hiyo. Na Jumapili Joel akae benchi la mbele, anihesabu vidole vizuri."

Joel anakubali, huku akiangalia kabichi zake.

Bodi mpya Prisca ameshaichora. Kila kibao kitakuwa na swichi ndogo za namba, kila soketi itakuwa na taa yake, na mfuniko utakuwa wa kuona ndani. Ana ndoto ya kuipeleka kwa wafuga kuku na wenye matangi ya maziwa. Lakini kwanza lazima ipite hapa, na wa kuipitisha ameshajitaja mwenyewe.

"Ikija, sitasema lini," anasema mzee Efraimu. "Zamu moja ya Joel nitafungua lango langu makusudi. Nataka nione itamtaja nani."