Kimya Kidogo Alichokitaka Ohn Yin

Mimi na Ohn Yin tunapakana ukuta kwa ukuta hapa Mandalay. Mimi nauza tambuu, yeye supu ya kambare na tambi za mchele. Mumewe, Ko Thet Pe, alikuwa dereva wa lori la magogo mpaka kiharusi kilipompooza upande mmoja. Tangu hapo kazi yake ikawa kumwita mkewe. Akigeuzwa anaita, akigeuzwa tena anaita kusema kule alikolala kwanza ndiko kulikuwa kuzuri.

"Nakufa huku, wewe unapika tu," humwambia.

"Hata jana ulikufa," Ohn Yin humjibu. "Ngoja niepue sufuria."

Usichanani mwake aliwahi kukaa masika yote kwenye nyumba ya watawa wa Kibudha, akijifunza kutulia na kuifuata pumzi yake. Alikuwa akiniambia kwamba ule ndio wakati pekee aliowahi kupumzika kwelikweli. Uzeeni akatamani japo kijisehemu chake. Wateja wa asubuhi wakishaondoka, kabla hajaosha mabakuli, alitandika mkeka mbele ya madhabahu ya nyumbani na kufumba macho. Hapo hapo muuza samaki akabisha hodi, au mimi nikaingia kuomba chokaa ya tambuu. Na tukinyamaza sisi, Ko Thet Pe aliita.

Akaenda kumwuliza Daw Sujata, mtawa waliyekua naye mtaa mmoja. Daw Sujata akamwambia asishindane na kelele. Sauti ikija, aseme moyoni "kusikia, kusikia" mpaka ipite yenyewe. Maumivu yakija, aseme "kuuma, kuuma". Hata akiwa jikoni anaweza.

Alirudi amechangamka. Nikawa namwona anakoroga supu huku midomo ikimchezacheza. Ko Thet Pe naye hakukosa la kusema. "Siku hizi unaongea na kambare? Nisalimie basi."

Lakini kweli alibadilika. Aliacha kuwafokea wateja. Akiitwa hakukurupuka tena; aliiacha sauti ipite, akamaliza pumzi zake, ndipo akaenda. Mara nyingi alikuta mzee alitaka kumwonyesha mbu tu.

Ikafika asubuhi moja ya kiangazi. Wateja walikuwa wameondoka, naye yuko mkekani. Ko Thet Pe akaita. Ohn Yin akasema moyoni, kusikia, kusikia. Akaita tena. Baadaye alinisimulia kwamba ile sauti ilianza kwenda mbali, kama ya mtu aliye ng'ambo ya mto, naye akajawa na utulivu ambao hakuwa ameupata tangu usichana. Kisha akasikia kishindo.

Alimkuta sakafuni, mguu umepinda, kikoi kimelowa. Alitaka ndoo ya haja, akajaribu kuifikia mwenyewe.

"Nilikuita," alisema Ko Thet Pe. Hakulisema kwa hasira. Ohn Yin anasema afadhali angemtukana.

Hospitali walisema nyonga imevunjika na moyo wake hauwezi kuhimili upasuaji. Tukamrudisha nyumbani. Na toka siku hiyo hakuita tena. Akiwa na kiu anaangalia dari. Akichafuka anaangalia dari, mpaka mkewe aje agundue mwenyewe.

"Niite basi," Ohn Yin alimbembeleza. "Hata kwa mbu, niite."

"Endelea na ibada yako," mzee akamjibu, akageuzia uso ukutani.

Nilimsindikiza Ohn Yin kwa Daw Sujata. Alieleza yote. Mtawa akasikiliza, akasema polepole kwamba yeye hakumfundisha kumwacha mgonjwa.

"Najua hukunifundisha hivyo," alisema Ohn Yin. "Lakini nilisikia raha, dada yangu. Mwenzangu ananiita, mimi niko kwenye raha. Hiyo niisemee neno gani moyoni?"

Daw Sujata akamsogelea. Akamshika goti. Tulipoinuka alitufungia mapera ya mgonjwa kwenye mfuko, tukarudi zetu.

Mkeka ameukunja. Mara mbili tatu nimemkuta amekaa kando ya kitanda, amefumba macho, lakini kila pumzi anafumbua kumtazama mumewe, na mumewe anajifanya amelala.

Sasa ameliingiza jiko la mkaa chumbani ili asimwache peke yake. Moshi ukamkohoza mzee mpaka akabadilika rangi, ikabidi alitoe. Huko nje hakumwona, hakumsikia, akashindwa kupika, akaliingiza tena. Wateja wamepungua, kwa sababu hawajui watamkuta saa ngapi. Asubuhi ya leo ameniita nishike upande mmoja, tumelitoa nje kwa mara nyingine, na supu bado haijachemka.