Mipichi Mitatu Ndani ya Maji

Mwaka ule mto Tana ulipofurika, mipichi yangu ilikuwa imezaa kwa mara ya kwanza. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi walionipa pole baadaye waliniuliza swali moja: mwalimu, ulikuwa unatafuta nini kwenye yale maji? Nilikuwa natafuta kuokoa miti.

Kwetu ni Kinangop. Kule mpichi huota hata pale mtu alipotema kokwa, na watoto hula mapichi hadi midomo ikawasha kwa yale manyoya ya ngozi yake. Nilipopewa kazi ya kufundisha Garissa, nilikuja na binti yangu akiwa bado mchanga, mume wangu akabaki Nakuru kazini. Nyumba niliyopanga ilikuwa na ua mpana ulioteremka kidogo kuelekea upande wa mto. Nilipouona tu nikajua nitapanda nini.

Afisa wa kilimo nilikwenda kumwuliza, akacheka mpaka akavua miwani. Mpichi unataka baridi, akasema. Usipopata baridi haulali, na usipolala hautoi maua. Hilo nililijua. Lakini kuna miche ya aina inayotosheka na baridi kidogo sana, nikainunua mitatu kwenye kitalu Nairobi, nikaipakata ndani ya basi hadi Garissa. Ilipokuwa michanga niliikata shina la katikati ili matawi yatawanyike na jua liingie ndani, kama nilivyomwona mama akifanya. Na kila Julai, upepo wa asubuhi ulipopoa kidogo, niliinyima maji, kisha nikaipukutisha majani kwa mkono, jani moja moja, mti udhani baridi imekuja.

Jirani yangu, mama wa Kisomali aliyeuza maziwa ya ngamia, alinichungulia juu ya ukuta. Nilimwita eeddo, shangazi, kama watoto wa mtaa walivyomwita.

"Mwalimu," akasema, "hii miti imekosa nini, unainyoa hivi?"

Miaka mitatu haikutoa kitu. Wa nne, yalichomoza maua ya waridi, machache, nikayatazama asubuhi hiyo hadi nikachelewa gwaride la shule. Kufikia Novemba kulikuwa na mapichi ya kijani yenye ukubwa wa yai la njiwa.

Ndipo mvua ikanyesha huko juu milimani, na mto ukaja.

Nyumba yetu imeinuliwa kwa ngazi chache za saruji, kwa hiyo maji hayakuingia ndani. Yalijaa uani. Kipande cha ukuta wa chini, upande wa mto, kilianguka, na ua ukawa kidimbwi cha rangi ya chai. Watu wa mitaa ya chini walihama na magodoro kichwani. Shule ilifungwa. Sisi tukakaa ndani tukisikiliza redio na vyura.

Mto ulipoanza kupungua, maji ya uani hayakupungua. Yalituama. Na mizizi ya mpichi haivumilii maji yaliyotuama. Siku chache tu inaoza, na mti unakufa ukiwa umesimama. Tayari majani yalikuwa yanageuka manjano. Alasiri moja, binti yangu akiwa amelala, nilivaa gambuti, nikachukua jembe, nikatoka kwa mlango wa jikoni. Nilitaka kuchimba mfereji tu, maji yapate njia ya kutoka pale ukuta ulipobomoka.

Mlango niliuacha wazi, nimsikie mtoto akiamka.

Maji yalinifika chini ya magoti. Nilifika kwenye mpichi ulio karibu na ukuta wa eeddo na kuanza kuchimba. Nilipoinua kichwa kufuta jasho, niliona gogo. Lilikuwa kati yangu na nyumba. Mafuriko huleta magogo mengi, na nilikuwa karibu kuendelea na kazi yangu. Lakini maji yalikuwa yametulia kabisa, na gogo lilikuwa likisogea.

Nakumbuka jembe likiniponyoka, na gambuti moja likinasa kwenye tope, na mguu ukatoka bila gambuti. Sikumbuki nilivyopanda. Nilijikuta nimesimama kwenye panda ya mpichi, pale matawi yanapoachana, nimekumbatia tawi moja kifuani na kucha zimezama kwenye gome. Mti wenyewe si mkubwa. Nyayo zangu zilikuwa juu ya maji kwa kimo cha meza.

Mamba alikuja hadi chini ya mti akasimama. Hakuwa mkubwa kama wale tunaowaona wakiota jua kwenye kingo za mto. Alikuwa na urefu wa kitanda, labda kuzidi kidogo. Niliona macho na matundu ya pua, na magamba ya mgongo yakikauka juani. Hakufanya lolote. Afadhali angefanya.

Kisha nikaukumbuka mlango.

Toka pale nilipokuwa niliuona wazi, giza la jikoni ndani, kandambili za mtoto juu ya ngazi. Maji yalikuwa yakilamba ngazi ya kwanza. Nikaita kwa nguvu.

"Eeddo! Eeddo!"

Kichwa chake kikatokea juu ya ukuta. Alikuwa amepanda juu ya pipa. Aliniangalia mimi mtini, akatazama chini, mkono ukaenda mdomoni.

"Yaa Allah," akasema kwa sauti ndogo. Halafu akasema, "Usishuka. Mtoto iko wapi?"

"Ndani, amelala. Mlango wa jikoni uko wazi!"

Akatoweka. Nilisikia pipa likianguka, na miguu yake ikikimbia upande wa barabara. Ili afike kwangu ilimbidi azunguke hadi lango la mbele. Nilihesabu pumzi ili nisihesabu kitu kingine.

"Mama?"

Binti yangu alikuwa mlangoni. Nywele zimesimama upande mmoja, kidole gumba mdomoni. Alikuwa akinitafuta kwa macho uani, na aliponiona juu ya mti akacheka.

Mamba aligeuza kichwa.

"Rudi ndani!" nilipiga kelele. "Rudi! Funga mlango!"

Sijawahi kumpigia kelele vile. Akashtuka, uso ukakunjamana, akaanza kulia, na mtoto anayelia humwendea mama yake. Akashuka ngazi ya kwanza. Chini ya mti maji yalipasuka mstari mwembamba, kuelekea nyumbani.

Ilinibidi nishuke. Nililijua hilo bila kufikiri, nikainua mguu, na tawi nililolikumbatia likapasuka. Mti wa mpichi ni mwepesi kuvunjika. Ulilia kama nguo inayochanwa, tawi likaanguka majini na mapichi yake yote, kwa kishindo, na maji yakaruka hadi usoni kwangu. Mamba akajipinda, mkia ukapiga, tope likapanda juu. Yalipotulia sikumwona tena. Si pale, si ngazini, si popote.

Nilipotazama mlango, mikono miwili yenye hina ilikuwa imemnyakua binti yangu kwa nyuma. Mlango ukafungwa. Nikasikia komeo.

Kumwona mamba kulikuwa na nafuu yake. Angalau ulijua alipo. Sasa kila kipovu kilikuwa yeye, kila jani lililotikisika. Nilikuwa nimebakiwa na nusu ya mti, na ile nusu ilikuwa imepasuka katikati. Nikiegemea upande mmoja, ufa unapanuka. Nilisimama bila kuegemea. Nilisali sala za kwetu zote, na nilipomaliza nikarudia.

Eeddo alirudi kwenye ukuta na wanaume wawili waliokuwa wakihamisha vitu barabarani. Walikuwa na ngazi ya mbao ya fundi.

"Watu wa wanyama nimebigia simu," akaniambia. "Wanasema wako na mashua mbali. Hatuwezi ngoja. Tunaleta ngazi kwako."

"Mti hautabeba," nikasema.

"Mti unashika ncha tu. Sisi tunashika wewe. Mtoto anakula biskuti kwangu. Kuja, mwalimu. Angalia mimi, usiangalia chini."

Waliilaza ngazi kutoka juu ya ukuta hadi kwenye panda. Nilipanda juu yake kwa magoti na viganja, kama mnyama. Kila mbao ilishuka kidogo chini ya uzito wangu. Katikati, mti ulitoa mlio nyuma yangu, ncha ya ngazi ikazama ghafla, na nikaona uso wangu kwenye maji. Niliganda. Eeddo hakunihimiza. Aliongea tu, polepole, kwa Kisomali, maneno nisiyoyajua, kama mtu anayembembeleza ngamia jike wakati wa kumkama, na mimi nikaifuata ile sauti hadi mikono ikanikamata kwapani.

Watu wa wanyamapori walikuja kesho yake na fito na nyavu. Walichokonoa ua wote. Hawakumpata. Mmoja aliniambia labda ameshatoka. Hilo "labda" ndilo nililoishi nalo hadi maji yakakauka. Tulitumia mlango wa mbele tu, na nilisukuma meza dhidi ya ule wa jikoni. Tope lilipoanza kupasuka, eeddo na mimi tuliingia uani na fimbo. Tuliona alama za tumbo na makucha zikipita kwenye tundu la ukuta kuelekea mtoni. Fundi akaliziba kwa mawe siku hiyo hiyo.

Mipichi miwili ilikufa. Ule uliopasuka niliufunga kwa waya, nikaupaka tope kwenye kidonda. Ulitoa utomvu mwingi kama asali iliyoganda, lakini haukufa. Sijui kwa nini. Nimeukatia matawi, unaendelea. Nikichimba kandokando yake hupiga udongo kwa fimbo kwanza, hata wakati wa kiangazi, na najua ni upuuzi.

Binti yangu aliniuliza juzi kama mamba anaweza kupanda mti. Nikamwambia hawezi.

"Umejuaje?"

Nikamwambia aende akanawe mikono, chakula kiko tayari.