Toa!

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka koleji viatu vya mpira vikining'inia shingoni, uso umemvimba kwa hasira. Hata kunisalimu alisahau. Aliketi kizingitini akasema, "Babu, wa Nyanza-Lac wametupiga sita. Na arbitri, mwenye filimbi, iko mwizi!" Mama yake, aliyekuwa akichambua ndagala, dagaa wa ziwani, akamwambia anyamaze, mchezo ni mchezo tu. Basi mimi ndiye niliyekasirika. Niliinuka nikaenda kusimama nje, mzee mzima, kwa ajili ya neno hilo, mchezo tu. Ngoja nikueleze kwa nini.

Tulikuwa watoto hapa hapa Rumonge, zama za Mdachi, yaani Mjerumani, kabla ya vita vyao kutufikia. Mimi na binamu yangu, mtoto wa marehemu shangazi, tulilelewa na bibi katika nyumba moja na kula katika sinia moja. Alfajiri tulichota maji ziwani, kisha tukamsaidia bibi kuponda ngazi, yale matunda ya mchikichi, mpaka mikono ikawa myekundu na nyumba nzima ikanuka mawese. Tukimaliza tulipewa ugali wa muhogo na samaki, mukeke wa kuchoma, halafu mbio chuoni. Siku hizi ukisema chuo watu wanafikiri ni mahali pa wakubwa wenye vitabu vinene. Chuo chetu kilikuwa baraza ya mwalimu wetu wa Kurani: mkeka, mbao za kuandikia, wino wa masizi, na fimbo ndefu iliyomfikia hata aliyeketi nyuma kabisa.

Shule ilikuwa jambo jingine. Shule ilikuwa ya serikali, na hata jina lenyewe Wadachi walikuja nalo. Ilikuwa na mwalimu mmoja, mtu wa pwani, kijana mwenye kofia nyekundu na filimbi shingoni. Alituchukia, nasi tulimchukia, wala sitapaka sukari hapo. Tukiongea alikunja pua. "Semeni Kiswahili," alikuwa akisema, "si hizo kelele za ziwani." Shida yake ilikuwa watoto. Wazazi wa hapa hawakutaka kumpa hata mmoja. Alikuwa na watoto wa askari tu, hawajazi hata mkeka mmoja. Na amri ilikuwa imetoka Usumbura kwamba shule ijae, la sivyo askari watapita nyumba kwa nyumba.

Kitu kingine alichokuwa nacho ni mpira wa ngozi, wa kwanza kuonekana hapa. Sisi wa chuo tulikuwa na wa majani makavu ya migomba uliofungwa kamba, na tuliucheza mchangani tangu tunajua kutembea. Basi akamwendea mwalimu wetu na shauri lake. Watoto wacheze kila Ijumaa baada ya swala. Chuo kikishindwa kitoe mtoto mmoja aende shule, na shule ndiyo itakayomchagua. Shule ikishindwa, wiki hiyo haombi mtu. Mwalimu wetu hakuwa mjinga. Alipima akaona heri mpira kuliko kiboko, tena alijua miguu yetu. Alikubali.

Ijumaa ya kwanza tulicheza vizuri sana, au ndivyo tulivyodhani. Kila mpira ulipopita kati ya vile vijiti viwili vya kwetu, yule mtu wa pwani alipuliza filimbi na kupaza sauti, "Toa!" Kipa wetu, mtoto mtiifu, akautoa. Tukasema, kumbe mchezo huu una huruma, mpira ukiingia unaambiwa uutoe, na unaendelea. Mara tisa aliambiwa toa, mara tisa akatoa, nasi tukampigia makofi kwa wepesi wake. Mwisho tukatangaziwa tumefungwa tisa. Lile neno, kumbe, lilikuwa la Kidachi. Kwao bao linaitwa hivyo hivyo, sauti ile ile, toa. Watoto wa askari walicheka mpaka wakalala chini. Nami nilicheka baadaye, nikiwa mkubwa, lakini si siku ile, kwa sababu siku ile walimchukua kipa.

Na hivyo ndivyo timu ilivyoliwa. Kila Ijumaa walichagua aliyewasumbua zaidi, na Ijumaa iliyofuata tulimkuta upande wa pili, amevaa kaptura ya shule, hatutazami machoni. Tulicheza kumi, tukacheza tisa, tukacheza wanane. Kadiri tulivyopungua ndivyo tulivyofungwa, na kadiri tulivyofungwa ndivyo tulivyopungua. Bao hatukupata hata moja. "Ng'ombe wa maskini hazai," mwalimu wetu alisema, akisonya. Bibi naye aliupa mpira ule lawama zote. "Huyu mupira iko na kisasi gani na sisi?" aliuliza, na kila Ijumaa alitupaka mawese miguuni, akisoma anachokisoma.

Tulipobaki sita, mwalimu wetu alikwenda kumwomba yule mwenzake. Sikuwahi kumwona akiomba mtu, na sikupenda kumwona. Walipatana hivi: siku hiyo chuo kikitia bao moja tu, hata kikifungwa ishirini, hakuna mtoto atakayekwenda, na mchezo huo utakoma kabisa. Lakini tusipotia, atakwenda binamu yangu. Alitajwa kwa jina mapema, kwa sababu ndiye pekee waliyekuwa bado wanamwogopa.

Bibi alikuja uwanjani siku hiyo, jambo ambalo hakuwahi kufanya. Alisimama upande wa ziwa na ungo wake wa ndagala kichwani kana kwamba anapita tu. Tulifungwa, sikumbuki ngapi. Jua limekwisha kushuka, wanawake wanakusanya samaki waliowaanika, ndipo binamu yangu alipoupata mpira katikati. Alimpita wa kwanza, akampita wa pili, ambaye alikuwa kipa wetu wa zamani, akaniona. "Shika!" akaniita, akanipa.

Kipa wao alinitokea mbio, akateleza, akalala chali. Mpira ulimpita ukaenda taratibu, ukaingia kwenye mchanga uliolowa, ukasimama. Ulisimama hatua moja kutoka mstarini. Nilikuwa nao peke yangu, mguu umeinuliwa, ndipo nikasikia nyuma yangu, kwa sauti kubwa, neno lile.

"Toa!"

Sasa tulikuwa tumekwisha kulijua neno hilo. Tulikuwa tumelipia. Nikadhani mpira umevuka mstari bila mimi kuona, na mwenye filimbi amehesabu. Nikashusha mguu. Nikainua mikono, nikalia, nikaukumbatia ule mpira ili niurudishe katikati kama wao walivyozoea kufanya. Binamu yangu alikuwa ananirukia mgongoni filimbi ilipolia.

"Umeshika mpira kwa mikono," alisema mtu wa pwani. "Nani kakwambia ni bao?"

"Mwalimu, umesema toa."

"Nimesema toa. Nimemwambia kipa wangu autoe. Hujui Kiswahili?"

Bibi alishusha ungo chini. "Weye muongo!" alimpigia kelele. "Muongo! Mungu iko anaona!" Lakini nani angemsikiliza mwanamke wa ndagala mbele ya kofia nyekundu? Kesho yake asubuhi binamu yangu alivaa kaptura.

Alikuwa na kichwa chepesi, akajua kusoma na kuandika upesi kuliko wote. Nilimsemesha njiani akaitikia, sitamzulia ubaya. Hakunilaumu hata siku moja, na afadhali angenilaumu. Vita vilipotufikia, Wadachi waliokuwa wakikimbia kuelekea Tabora walihitaji watu wa kubeba mizigo na watoto wanaojua kusoma barua. Walijua pa kuwapata, maana shule ilikuwa na majina yao yote kitabuni. Mimi jina langu halikuwa kokote. Binamu yangu aliondoka akiwa na kifurushi cha mihogo ya bibi, na huko ndiko alikokwenda, asirudi. Bibi aliendelea kuacha wazi upande wake wa sinia mpaka alipokufa, na ole wako uupeleke mkono huko.

Yule mtu wa pwani hakwenda vitani. Walipokuja Wabelgiji alivua kofia, akaoa hapa, akawa mwuza chumvi. Miaka mingi tuliswali msikiti mmoja na sikuwahi kumpa salamu. Najua dini inasemaje, nimekwisha kuambiwa. Siku moja, wote wawili tuna mvi, alinifuata mlangoni, akaniwekea mkono begani. "Ndugu yangu," alisema, "yale ya zamani, ulikuwa mchezo tu."

Nilimjibu kwa neno moja. "Toa."

Aliutoa mkono wake. Nadhani alielewa nilisema kwa lugha gani.

Uwanja wetu sasa wamejenga ghala la mawese juu yake, na baraza ya chuo ilibomoka na mvua. Watoto wa sasa wakifunga wanapiga kelele "Bii!" kwa Kifaransa chao, na neno lile la Kidachi hapa nafikiri nimebaki nalo peke yangu. Watu hunihurumia wakisikia habari hii. Husema nilikuwa mtoto, nilidanganywa. Ni kweli, lakini kinachoniuma si uongo wake. Mpira ulikuwa mguuni kwangu, kipa amelala chini, na mimi nikasimama kwa sababu nimeamriwa na mtu niliyemchukia.

Hayo yote nilimweleza mjukuu pale kizingitini. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa, babu, arbitri akiita, miye nifanye nini?"

"Piga kwanza," nilimwambia. "Neno utaliuliza maana yake baadaye."